Katibu wa Upande wa Chungu

Ukiuliza watu wa Kamachumu habari za Katibu, wa kwanza atakwambia alikuwa mkali. Wa pili atakwambia alikuwa na roho nzuri ajabu. Wa tatu atacheka kwanza, halafu atakuhadithia habari ya funguo zake. Wote wanasema kweli, ila mimi niliyekaa naye karibu miaka mingi naona kuna kitu wamekiruka. Kukisema moja kwa moja siwezi, kwa hiyo nitakizunguka kwanza.

Jina lake nililisikia mara chache, na mara nyingi ni padri aliyelitaja. Sisi wengine tulimwita Katibu kwa sababu alikuwa katibu wa kila kitu. Kikundi cha kufa na kuzikana, katibu ni yeye. Kwaya ya akina mama, hakuwa na sauti hata ya kumbembelezea mtoto, lakini katibu ni yeye. Na kikundi chetu cha wasomaji, kinachokutana Jumamosi alasiri kwenye darasa la katekisimu, katibu alikuwa yeye tangu siku ya kwanza, na hakuna aliyekumbuka kumpigia kura. Hata watoto waliotumwa kwake walisema, "Katibu, mama anaomba chumvi." Aliwapa, baada ya kuwauliza kwa nini hawakumwamkia kwanza.

Nilipomfahamu alikuwa ameshastaafu unesi. Alikuwa mrefu, mkavu, mwenye miguu ya kutembea, na alinawa mikono kabla na baada ya kila jambo, hata baada ya kusoma. Kwa uchelewaji hakuwa na msamaha. Ukichelewa kikao alikusimamisha mlangoni, akasema, "Wenzako wamekaa wanakungoja, wape mkono mmoja mmoja." Basi unazunguka darasa zima ukishika mikono ya watu wanaokuchekea, na Jumamosi inayofuata unafika mapema.

Mama yangu alipofariki, Katibu alifika msibani kabla ya ndugu zangu wa damu. Hakulia, hakunikumbatia. Aliniambia, "Lete funguo za duka." Mimi nauza madaftari, kalamu na vifaa vya shule pale senta, na ilikuwa wiki ya kufungua shule. Msiba wote alikaa dukani kwangu akiwahudumia wazazi, na jioni alikuja kuosha masufuria nyumbani na kunigombeza kwamba sili. Alifanya hivyo kwa watu wengi. Akisikia mgonjwa wa Kamachumu amelazwa hospitali ya Rubya, hata kama hamjui, atakwenda na chupa ya uji.

Sasa sikilizeni upande wa pili. Siku moja nilikwenda kwake na rundo la kuni na unga, alikuwa na mafua makali. Nikasema niingie jikoni nimpikie. Alijiburuta kutoka kitandani akajisimamisha kwenye mlango wa jiko.

"Kaa hapo kwenye benchi," akasema. "Jikoni kwangu ni kwangu."

"Katibu, wewe umeingia jikoni kwangu mara ngapi?"

"Kwako mlikuwa na msiba. Mimi nina mafua."

Kila kitu chake kilikuwa na kufuli. Jiko, banda la kuku, bomba la tangi la maji, hata kijilango cha waya cha kuingilia kibanja, yaani shamba la migomba na kahawa linaloizunguka nyumba. Funguo alizifunga kwenye pindo la kanga, akitembea zinalia. Mzee Theonest, dereva mstaafu wa malori ambaye ni mwenyekiti wetu, alikuwa anamtania. "Katibu, ukifika mbinguni utamwambia Petro akapumzike, funguo umekuja nazo." Naye akajibu bila kutabasamu, "Petro akiomba vizuri nitampa."

Hakuolewa. Aliyethubutu kumuuliza sababu aliulizwa kwanza ndoa yake mwenyewe inaendeleaje, na wengi hawakuuliza mara ya pili. Ninachojua ni kwamba baba yake alipopooza, kaka yake alikuwa Mwanza na maisha yake, na yeye aliacha nyumba ya manesi akarudi kumuuguza mzee. Mzee alizikwa pale kibanjani, baadaye kaka naye akafa hukohuko Mwanza, na Katibu akabaki na migomba. Kibanja kile ukikiona unasimama. Nyasi za kufunika ardhi zimetandazwa hadi mpakani, kila mgomba umepunguziwa majani makavu, mibuni imekatwa ikawa mifupi ya kuchumika bila ngazi. Asubuhi alikizunguka chote akiwa na kisu kidogo, na nina hakika alikuwa akiongea nacho, kwa maana nimemsikia, nikiwa nje ya ua, akimgombeza mtu na mle ndani hakukuwa na mtu.

Yote haya nayasema ili muelewe yaliyotokea kitabu kilipokuja.

Kililetwa na Hadija, mwanamke wa Bukoba mjini anayekuja kwenye gulio letu kuuza vitenge. Alijiunga na kikundi kwa sababu, kwa maneno yake, watu wa mjini siku hizi wanasoma simu tu. Ilikuwa riwaya fupi, nyembamba, na nakala zilikuwa chache, tukawa tunaisoma kwa sauti kwa zamu.

Habari yenyewe ni hii. Baada ya njaa kubwa, watu wa nchi moja wanaapa kwamba hakuna atakayekufa njaa peke yake tena. Wanang'oa milango ya nyumba zote na kuifanya kuni. Wanapika chungu kimoja, wanakula pamoja, na mkungu wa ndizi haukatwi bila ruhusa ya baraza. Hakuna anayelala njaa, hilo mwandishi halifichi. Ndipo anatokea mama mmoja wa makamo, Kokunura, anayepanda mgomba nyuma ya jabali na kuufanya siri yake. Anaulea, na ndizi zikiiva anazila peke yake huku analia. Wanamgundua, wanamfukuza ng'ambo ya mto. Huko anajenga nyumba, anaitia mlango, anaingia, anaufunga. Ukurasa wa mwisho tunamwacha amekaa ndani anasikiliza, na mwandishi hasemi anasikiliza nini.

Kikundi kilipasuka. Mzee Theonest alisema huyo mama ni mchoyo, chungu kimemlea, tumbo limejaa, na bado anaficha ndizi. Hadija alisema, "Mlango ni stara, jamani. Mtu asiye na mlango atavua nguo zake wapi?" Mwalimu Deo wa sekondari alisimama akasema kitabu kizima ni mafumbo ya siasa, akaambiwa akae chini tumalizie sura. Mimi nilikuwa upande wa mlango na sikuona aibu. Tukaanza kuitana hivyo, upande wa mlango na upande wa chungu, na baada ya muda hata watu wa senta wasiosoma ukurasa mmoja walikuwa na upande wao. Fundi cherehani wa jirani yangu alikuwa wa mlango. Mkewe alikuwa wa chungu, na sidhani kama walikuwa wanazungumzia kitabu.

Kiongozi wa chungu alikuwa Katibu, mwenye makufuli yake yote. Nilimwambia hivyo mbele ya watu. Alinitazama kama muuguzi anavyomtazama mgonjwa anayekataa sindano.

"Kufuli langu linazuia mwizi," akasema. "Halizuii anayeomba. Nani ameomba kwangu akakosa? Huyu Kokunura kosa lake si mgomba. Kosa lake ni kwamba hakuomba. Angekwenda barazani akasema, jamani, nataka mgomba mmoja wa kwangu. Angeomba tu, wangempa. Wale ni watu, si fisi."

"Na wangemnyima?"

"Hakuomba. Wewe umejuaje?"

"Katibu, kuna vitu haviombwi."

"Taja kimoja."

Nikafikiri haraka, nikasema, "Usingizi."

Alicheka hadi akafuta macho, yeye ambaye kicheko chake kilikuwa cha nadra. "Mwanangu, ungefanya kazi wodini zamu ya usiku. Hata usingizi tuliombana."

Hivyo ndivyo alivyokuwa akinishinda. Na niseme wazi, nilimpenda zaidi kila aliponishinda. Alikuwa ameamini jambo lake sawasawa. Ameuguza watu maisha yake yote, amezika watu, na popote alipokwenda na haja ya mwingine alifunguliwa. Aliomba damu kwa ajili ya akina mama wanaojifungua, aliomba mbao za majeneza, alimwombea mtoto wa jirani nafasi ya shule, na alipewa. Kwa ajili yake mwenyewe sijui kama aliwahi kuomba hata kiberiti.

Kilichomfanya aombe ni sisi. Darasa la katekisimu lilikuwa linachukuliwa na watoto wa komunyo ya kwanza, na mara nyingi tulikuta limejaa tukabaki barazani na mvua inatupiga. Jumamosi moja Katibu alisimama akasema kwamba kwenye kona ya kibanja chake, upande wa barabara, lipo ghala la zamani ambalo baba yake aliwekea kahawa. Paa limechoka lakini kuta ni nzima. Kikundi kikilikarabati, liwe chumba cha wasomaji wa Kamachumu wote, chenye rafu na benchi, na ufunguo utakaa kwa yeyote atakayeutaka. Hilo la ufunguo lilipigiwa makofi. Mzee Theonest alitaka kuanza kubeba matofali siku ileile.

"Nitawaomba ukoo kwanza," akasema Katibu.

Nilimfuata njiani. Nilikuwa nimekasirika na sikujua vizuri kwa nini.

"Katibu, usiulize. Umekaa pale miaka yote hiyo, nani aliwahi kuja hata kukupalilia? Ukiwauliza unawaambia kwamba si pako."

"Si pangu. Ni pa ukoo."

"Basi waache walale!"

"Ni kona tu, mwanangu, tena ni kwa faida ya wote. Wataona fahari." Akanigusa bega, jambo ambalo si kawaida yake. "Wewe ni Kokunura mtupu."

Kwetu kibanja cha ukoo kina sheria zake, na hazikuandikwa ukutani. Binti akirudi kwa baba yake hafukuzwi. Anakaa, analima, anachuma, na kila mtu anaacha mambo yakae hivyo, mara nyingi hadi anazeeka na kufa hapohapo. Lakini anakaa kwa sababu hakuna aliyesema neno. Wajanja hawaiti kikao. Katibu, ambaye aliendesha vikao vya watu maisha yake yote, aliita.

Siku ya kikao alikuwa ameandaa rubisi, pombe yetu ya ndizi, na ebitoke, yaani ndizi za kupikwa, na nyama, na mikono ilikuwa haitoshi. Ndiyo siku pekee niliyoingia jikoni kwake. Nilidhani nitakuta siri kubwa mle ndani. Nilikuta sahani moja, kikombe kimoja, kigoda kimoja mbele ya mafiga, na kisahani cha kufunikia kikombe kile. Vyombo vya wageni vyote tulikuwa tumeazima kwangu na kwa Mzee Theonest. Nilisimama na upawa mkononi nikajua sababu ya kufuli, na sikutamani kuwa nimejua.

Wazee walikula, wakanywa, wakasifia migomba. Nilisikia kila kitu kupitia ukuta. Katibu alipiga magoti kwenye nyasi mpya alizotandika sebuleni, akaeleza habari ya kikundi, ghala la baba yake, na watoto wa Kamachumu watakaosoma. Alieleza vizuri sana. Akamaliza kwa kusema kwamba anaomba.

Mkubwa wa ukoo akasema, kwa upole kabisa, "Wakola muno, mwana waitu. Asante sana kwa kutukumbusha. Tulikuwa tumejisahau kama hapa bado ni petu."

Na wakakumbuka. Wakakumbuka kwamba marehemu kaka yake ana mtoto wa kiume kule Mwanza, ana mke, hana kazi ya maana, na anapanga chumba. Wakakumbuka kwamba kibanja hufuata upande wa mwanaume. Wakakumbuka kwamba shangazi naye anazeeka, kazi za shamba zinamlemea, apumzike sasa. Kila mmoja alikuwa na cha kukumbuka, na kila mmoja alianza kwa kumshukuru. Habari ya chumba cha wasomaji hakuna aliyeigusa. Nilingoja nimsikie Katibu akipandisha sauti. Nilichosikia ni yeye akiuliza kama kuna anayehitaji kuongezewa ebitoke.

Akaja jikoni kuzichukua. Tukatazamana. Nilitaka kutoka na ule upawa niwapige wote vichwani, na nadhani aliona, kwa kuwa alinipokonya taratibu akapakua mwenyewe.

Nilimshikilia twende Muleba, kwenye baraza la ardhi. Mwalimu Deo alisema sheria za siku hizi zinamlinda mtoto wa kike, na kwamba mtu aliyelima mahali muda wote ule hatolewi kwa maneno ya sebuleni. Hadija alisema ana ndugu Bukoba anayemfahamu wakili. Katibu alitusikiliza akiwa anamenya ndizi.

"Niwashitaki watu wangu?"

"Watu wako ndio wamekushitaki wewe," nikasema. "Wamekuhukumu ukiwa umepiga magoti."

"Nimeomba, wamejibu. Jibu likiwa baya ndiyo nikimbilie kwa hakimu? Basi sikuwa ninaomba. Nilikuwa ninawatega."

Nilirudi dukani nikamgombeza mteja asiye na kosa.

Mtoto wa kaka yake alikuja. Nilijiandaa kumchukia, ikawa kazi bure. Alikuwa kijana mpole, mwenye haya, aliyempigia shangazi yake magoti na kusema chumba chake kipo, hakuna atakayekigusa, waishi pamoja. Tukapumua. Wa kukataa akawa ni Katibu. Aliniambia, huku anafungua kanga ili amkabidhi kijana funguo moja moja, kwamba anaweza kula chungu kimoja na mtu yeyote duniani lakini hawezi kulala ndani ya nyumba ambayo anafunguliwa mlango na mwingine. Nikamwambia, haya, sasa umehamia upande wetu. Akakasirika kweli. Akasema sijaelewa kitabu.

Wiki yake ya mwisho pale aliimaliza kwa kutandaza nyasi. Alikwenda kuzikata mwenyewe huko kwenye uwanda, akazibeba kichwani, akafunika ardhi kuanzia mlangoni mpaka kwenye mpaka wa chini, unene wa kuhimili kiangazi kizima. Nilimwona na mzigo barabarani nikashuka dukani nikamsaidia, huku ninalia kwa hasira. Naye alinionyesha kwa kidole mahali nilipotandaza vibaya.

Jumamosi iliyofuata tulikuwa tunamaliza mjadala wa kitabu. Ilikuwa desturi yetu kila kitabu kikiisha tunanyosha mikono, ili kijulikane upande ulioshinda. Tulitamani siku hiyo ipite bila hilo. Katibu alifika mapema kuliko wote, akasimama mbele, akasema, "Wanaosema Kokunura alikosea, wanyoshe."

Akanyosha mkono wake wa kwanza. Mzee Theonest akanyosha. Halafu, mmoja mmoja, wakaanza kunyosha watu wa mlango. Hadija akanyosha, macho chini. Mwalimu Deo akanyosha. Fundi cherehani, aliyekuja siku hiyo kwa mara ya kwanza, akanyosha. Hakuna aliyekuwa na moyo wa kusema mbele yake kwamba yule mama alifanya vizuri kutokuomba. Ingekuwa ni kumwambia yeye, wewe ni mjinga. Darasa karibu zima mikono juu, na ni uongo mtupu, na yeye alijua. Niliuona uso wake ukibadilika. Alikuwa amewaona watu wakihurumiwa maisha yake yote, na sasa alikuwa anaonja yeye.

"Wanaosema hakukosea?"

Nikanyosha mkono, peke yangu. Watu walinikodolea macho, na Mzee Theonest alinong'ona, "We mwanamke, huna hata aibu." Katibu alinigeukia.

"Wakola," akaniambia. Kisha akasema kikao kimefungwa.

Alihamia Bukoba, akapanga chumba Hamugembe. Asubuhi alikuwa anamsaidia mwenye duka la dawa wa mtaa ule kupima watu presha. Nilikuwa nikishuka mjini kufuata mzigo wa duka ninapitia kwake, na kila safari nilimkuta amepungua kidogo. Siku ya kwanza alinikaribisha, akanipikia, akanigombeza kuhusu bei zangu. Siku nyingine nilikuta amefunga mlango kwa ndani na ikabidi nibishe sana. Alisema alikuwa anasinzia. Wapangaji wenzake walimheshimu, ila hakuwa katibu wa kitu chochote pale. Walimwita Bibi.

Mara ya mwisho ninayotaka kuisema nilimkuta amevaa vizuri, gauni la kanisani, na usoni ana nuru ambayo sikuwa nimeiona tangu Kamachumu. Alisema wazee wa ukoo walikuja kumtembelea. Walimletea mkungu wa ndizi kutoka kulekule kibanjani, alinionyesha, ulikuwa umelazwa pembeni kwenye gunia.

"Wamesikia ninaumwaumwa moyo," akasema. "Wakasema nisihangaike. Nafasi yangu ipo. Kando ya baba, upande wa juu. Wameshapapima. Wamesema mimi ni mtoto wao, siwezi kuzikwa mjini na watu nisiowajua."

Nilijua nikifungua mdomo nitasema wanaokukataa ungali hai wamekuwekea nafasi ukifa, na nikajua hilo alikuwa ameshalifikiria mwenyewe kabla mimi sijapanda ngazi zake.

"Nataka nikapaone," akasema. "Nikiwa na macho."

Nilikodi gari la jamaa mmoja, tukaondoka saa ileile. Njia nzima alitazama nje akitaja mashamba yaliyotunzwa na yaliyotelekezwa, kwa sauti ya mtu anayepita wodini. Tulipofika, kile kijilango cha waya kilikuwa wazi. Mtoto wa kaka alikuwa ameenda Muleba. Tulimkuta mkewe, binti mdogo, mjamzito, mwenye adabu zake zote. Alifurahi kweli. Alitukimbilia, akatupigia magoti pale uani, akatuingiza sebuleni, akakung'uta mkeka mpya akautandika.

"Karibuni, waitu, karibuni sana wageni wetu," akasema.

Akaingia ndani akarudi na kikapu kidogo chenye akamwani, zile punje za kahawa iliyochemshwa na kukaushwa ambazo kwetu mgeni hupewa atafune akishakaa. Alizitoa kwa mikono miwili, ameinamisha kichwa, kama alivyofundishwa kwao. Hakuwa na kosa hata chembe. Katibu alikitazama kile kikapu. Katika nyumba ile ni yeye aliyekuwa akikishika, maisha yake yote, na sidhani kama kuna siku kiliwahi kuletwa upande wake. Akachukua punje mbili, akaziweka mdomoni, akatafuna polepole hadi zikaisha.

Migomba tuliiona kupitia dirishani. Nyasi zilikuwa zimeoza na hazijaongezwa, na majani makavu yalikuwa yananing'inia. Nilimwona akizihesabu kasoro kwa macho, na mikono yake imetulia mapajani.

"Mwanangu," akamwambia binti, "ninaomba kupita huko nyuma, nikaone kwa baba."

Binti akacheka kwa mshangao. "Jamani shangazi, hilo la kuomba? Hapa si kwako?"

Katibu alikuwa ameshasimama. Hakupiga hatua. Alishika kizingiti kwa mkono mmoja, akangoja, na binti akaacha kucheka akanitazama mimi, kama mtu anayeuliza amekosea wapi. Nilishindwa kumsaidia. Nilikuwa nimeziba mdomo kwa kanga.

"Nimeomba," Katibu akarudia, kwa upole sana. "Nijibu."

"Basi... pita, shangazi," akasema yule binti. "Nimekuruhusu."

"Wakola muno, mama mwenye nyumba," Katibu akasema, akainamisha kichwa, akatoka taratibu kwenda kutazama migomba ya watu.